Ewe Mwenye Duka! Mshahara Duni Ni Hasara Yako Mwenyewe

Bismillahir Rahmanir Rahim



Sifa njema zote anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), aali zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, akina baba na akina mama, na nyinyi wanafunzi wangu mnaosoma chuoni asubuhi na kukaa madukani jioni, leo nataka tuzungumze jambo linalotuuma sote, nasi tumezoea kulinyamazia. Nalo ni ujira wa vijana wanaouza katika maduka yetu, kuanzia Kionga na Palma mpaka Mocímboa da Praia na vijiji vya pwani.

Juzi baada ya swala ya Isha nilikaa barazani pamoja na wenye maduka kadhaa. Mazungumzo yao yalikuwa ni kuwalaumu vijana tu. Huyu wake ameondoka bila kuaga. Yule wake ameuza mafuta ya kupikia kwa mkopo wala hakuandika. Mwingine akasema, "Mwalimu, mwaka huu peke yake nimebadilisha vijana wanne." Nikawauliza swali moja tu: "Mnawalipa kiasi gani?" Baraza zima likanyamaza. Kisha mmoja wao akacheka, akaniambia, "Mwalimu, wewe tufundishie watoto, biashara tuachie sisi."

Basi makala hii ni jibu langu kwake na kwa kila anayefikiri kama yeye. Nasema hivi, na dalili zinakuja: kumlipa vizuri muuzaji wako si sadaka, wala si kumfanyia hisani. Ni kuilinda biashara yako. Yule kijana unayejisifu kwamba umempata kwa bei rahisi, ndiye anayekugharimu kuliko kitu chochote kilichomo dukani mwako.

HASARA ISIYOANDIKWA DAFTARINI

Mwenye duka hodari huandika kila kitu: magunia ya mchele yaliyoingia, nauli ya gari, kodi ya nyumba, umeme, na mshahara wa kijana. Akiuona mshahara pale daftarini, unamchoma moyo, kwa kuwa ni fedha inayotoka mkononi mwake kila mwezi. Lakini ziko hasara nyingine ambazo haziandiki kwa sababu hazioni.

Haandiki mteja aliyekuja kununua sukari akamkuta kijana amesinzia juu ya magunia, akaenda duka la pili na hakurudi tena. Haandiki unga ulioingia wadudu kwa sababu mzigo wa zamani ulizibwa na mzigo mpya. Haandiki fedha ya M-Pesa au e-Mola iliyotumwa kwenye nambari isiyokuwa yake kwa sababu ya haraka na uchovu. Haandiki siku ambazo duka lilifungwa kwa kuwa kijana ameondoka na mwingine hajapatikana. Wala haandiki miezi miwili ya kumfundisha huyo mgeni bei za vitu, majina ya wateja, na nani anaaminika kukopeshwa na nani haaminiki.

Tufanye hesabu ya ubaoni kama tunavyofanya chuoni. Huu ni mfano tu, weka tarakimu za duka lako mwenyewe. Tuseme duka linauza metikali 6,000 kwa siku, na katika kila metikali 100 ya mauzo mwenye duka anabakiwa na faida ya 15 kabla ya gharama nyingine. Hiyo ni faida ya 900 kwa siku. Sasa tuseme amemwongezea kijana wake metikali 2,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 26 za kazi, ni kama metikali 77 kwa siku. Zitarudi vipi? Zitarudi iwapo duka litauza metikali 513 zaidi kwa siku, yaani wateja wachache tu ambao zamani walikuwa wanaondoka mikono mitupu. Au zitarudi kwa kuepuka kulifunga duka siku mbili na nusu katika mwezi, kwani siku mbili na nusu za kufunga ni faida ya 2,250 iliyopotea.

Je, ndugu yangu uliyebadilisha vijana wanne mwaka huu, duka lako lilifungwa siku ngapi? Na ukilikalia mwenyewe siku hizo, ni safari ngapi za kufuata mzigo ulizikosa? Hizo nazo ni fedha zako.

WALIOFANYA HIVYO KWA KUTAFUTA FAIDA

Huenda mtu akasema kwamba haya ni maneno ya mwalimu wa chuo ambaye hajawahi kupima hata kilo ya chumvi. Sawa. Basi tuwatazame wafanyabiashara wakubwa wa duniani, watu ambao hawakulipa zaidi kwa ajili ya thawabu bali kwa ajili ya faida, na faida wakaiona.

Mwaka 1914, huko Marekani, mwenye kiwanda cha magari Henry Ford alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku, zaidi ya maradufu ya kiwango cha kawaida cha wakati ule. Kwa nini? Kwa sababu mwaka uliotangulia, ili kukaa na wafanyakazi kiasi cha 14,000, alilazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000. Walikuwa wanaingia na kutoka kama watu wa stendi. Ford hakuwa mtu wa huruma sana, na ujira ule aliufunga kwa masharti mengi. Lakini mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba ulikuwa miongoni mwa hatua bora alizowahi kuchukua za kupunguza gharama. Zingatieni neno hilo: kupunguza gharama!

Kile ni kiwanda. Njooni sasa kwenye maduka. Huko huko Marekani kuna kampuni mbili za maduka makubwa ya kuuza kwa jumla, Costco na Sam's Club, zinazouza bidhaa zinazofanana. Mwaka 2006 mtafiti Wayne Cascio alizilinganisha. Costco ilikuwa ikilipa kwa wastani dola 17 kwa saa, na Sam's Club kiasi cha dola 10. Kwa hesabu ya barazani kwetu, Costco ni wajinga na wanapoteza fedha. Lakini yeye alikuta kwamba wafanyakazi waliokuwa wakiondoka Costco kwa mwaka ni asilimia 17, na kwa wenzao ni asilimia 44. Na faida iliyopatikana kwa kila mfanyakazi mmoja ilikuwa kubwa zaidi kule kwa wanaolipa zaidi, karibu maradufu.

Mfano wa tatu ni Walmart, kampuni mama ya hao Sam's Club, iliyokuwa ikijulikana kwa kubana mishahara. Mwaka 2015 walitangaza kupandisha ujira wa chini kuwa dola 9 kwa saa, kisha 10 mwaka 2016. Wakati ule ni asilimia 16 tu ya maduka yao yaliyokuwa yakifikia kiwango walichojiwekea cha kumhudumia mteja. Mwaka uliofuata yalifika asilimia 75, na mauzo yakaanza kupanda.

Na mimi sitaki kuwaficha upande wa pili, kwa sababu kuficha nusu ya ukweli ni kupunja kipimo. Walmart ilipoeleza Oktoba 2015 kwamba faida itashuka kwanza kwa ajili ya mishahara hiyo, bei ya hisa zake ilianguka kiasi cha asilimia 10 kwa siku moja. Maana yake ni kwamba faida ya kulipa vizuri haiji asubuhi ya pili. Inataka subira, kama mnazi. Anayepanda mnazi leo na kesho akaenda na kapu kuchuma nazi, huyo si mkulima.

DINI YETU ILITANGULIA

Ajabu ni kwamba Waislamu tunahitaji kuonyeshwa haya na watu wa Marekani, hali yako katika vitabu tunavyowasomesha watoto wetu.

Someni kisa cha Nabii Musa (alayhi salaam) katika Suratul Qasas, alipofika Madyan akiwa mgeni asiye na kitu. Binti wa yule mzee alimshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili: ana nguvu na ni mwaminifu. Mzee akafanya nini? Hakusema, "Huyu ni mkimbizi, atakubali chochote nitakachompa." Alitaja malipo na muda kabla ya kazi kuanza, miaka minane, na kumi ikiwa ni kwa hiari yake, akamhakikishia kwamba hataki kumtia mashakani. Hapo pana masomo matatu: mtafute mwenye sifa, mweleze ujira wake mapema, usimkandamize kwa sababu ya shida yake. Sisi tunataka sifa zile mbili, nguvu na uaminifu, lakini malipo tunataka ya mtu asiyekuwa na hata moja!

Kisha ipo hadithi sahihi, ndani ya Bukhari na Muslim, ya watu watatu waliofungiwa na jiwe pangoni. Mmoja wao aliomba kwa Allah kupitia amali yake: alikuwa na mfanyakazi aliyeondoka bila kuchukua ujira wake, naye akaufanyia biashara ujira ule mpaka ukawa mifugo mingi. Yule mtu aliporudi baada ya muda mrefu kudai haki yake kidogo, akamkabidhi mifugo yote. Kwa amali hiyo jiwe lilisogea. Ndugu zangu, sisi ujira wa mtu tunauchelewesha miezi miwili, na fedha hiyo hiyo tunaizungusha kununulia mzigo wetu. Faida tunakula sisi, naye tunamwambia, "Subiri, mambo magumu." Mwenzetu wa pangoni alizungusha fedha ya mfanyakazi akampa faida yote. Jiwe letu litasogezwa na nini?

Na mnaijua hadithi ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Na ile hadithi qudsi katika Bukhari inayotaja watu watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, na wa tatu wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Nani kati yetu anataka mgomvi huyo?

Na fedha yetu yenyewe inatukumbusha. Jina metikali limetokana na neno la Kiarabu mithqal, kipimo cha uzito kilichotumika tangu zamani kupimia dhahabu. Neno hilo hilo ndilo lililomo mwishoni mwa Suratu Zilzala, pale tunapofahamishwa kwamba jema la uzito wa chembe na ovu la uzito wa chembe, yote yataonekana. Kila unapohesabu noti za mshahara wa kijana wako, mizani imo mkononi mwako.

HOJA NA MAJIBU

Hoja ya kwanza: "Biashara ni ngumu, faida ni ndogo, sina cha kuongeza."

Jibu: Ni kweli biashara ya kwetu ni ngumu, na sitaki kuwadhulumu wenye maduka katika hili. Kimbunga Kenneth kilitupiga Aprili 2019. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vimechoma maduka, vimefunga barabara na kupandisha nauli ya kila gunia. Wengi wenu mlirudi mkakuta kuta tupu. Lakini je, ugumu huo kijana wako hauoni? Mchele unaouza ghali kwa sababu ya nauli, yeye naye anaununua kwa bei hiyo hiyo. Kama kweli hali hairuhusu kuongeza kiasi kikubwa, ongeza kidogo, lakini lipa kamili na kwa tarehe. Kulipa kwa tarehe hakukuongezei hata metikali moja ya gharama, nako ni nusu ya heshima ya mfanyakazi. Au kubalianeni kwamba mauzo ya mwezi yakivuka kiwango fulani, apate fungu lake juu ya mshahara. Utamwona anavyopanga bidhaa na anavyowakimbilia wateja.

Hoja ya pili: "Nikimlipa vizuri na kumfundisha, ataondoka afungue duka lake au aende Afungi."

Jibu: Na usipomlipa vizuri ndiyo atakaa? Mnajua wenyewe kwamba TotalEnergies ilisimamisha kazi ya mradi wa gesi Aprili 2021 baada ya Palma kushambuliwa, na Novemba 2025 ikatangaza kuondoa tamko hilo. Kila inaposikika kwamba Afungi kuna kazi, madukani panabaki meza tupu. Huwezi kushindana na kampuni ya gesi kwa fedha, na hakuna anayekutaka ufanye hivyo. Lakini kijana ana vitu vingine anavyovipima: yuko karibu na mama yake, anatambulikana mtaani, anapewa nafasi ya kuswali kwa wakati, anajua mwisho wa mwezi atapata chake. Hivyo vyote unavyo wewe. Ukiviongezea ujira wa heshima, wengi watabaki. Na akiondoka kwa wema baada ya miaka mitano akafungua duka lake, atakuwa mwenzako wa kuleta naye mzigo kwa gari moja, badala ya kuwa adui anayekutangaza vibaya mtaa mzima.

Hoja ya tatu: "Vijana wa siku hizi ni wezi, hata ukiwapa nini wataiba."

Jibu: Wizi ni haramu, uwe wa metikali 10 au wa 10,000, na njaa si ruhusa. Wanafunzi wangu nawaambia hivyo kila siku. Lakini ewe mwenye duka, nawe jiulize. Unamkabidhi kijana sanduku la fedha kuanzia alfajiri mpaka usiku. Fedha inayopita mikononi mwake kwa siku mbili ni nyingi kuliko unayompa kwa mwezi, na nyumbani mtoto wake ana homa. Huo ni mtihani unaompa kila siku, nawe huwezi kuchukua dhamana ya kwamba wewe mwenyewe ungeushinda. Anayeacha mlango wazi usiku hana haki ya kumsamehe mwizi dhambi yake, lakini pia hana haki ya kujiita mwangalifu.

Hoja ya nne: "Huyu ni mtoto wa ndugu yangu. Anakula kwangu, analala kwangu, mshahara wa nini?"

Jibu: Hii ndiyo hoja inayotumika zaidi, na ndiyo inayovunja undugu wetu kimya kimya. Kama ni mwanao, basi msomeshe kama unavyowasomesha wanao. Kama ni mfanyakazi, mlipe kama mfanyakazi. Usimfanye mtoto wakati wa kulipa na mfanyakazi wakati wa kubeba magunia! Mtume (s.a.w.) alitufundisha katika hadithi ya Abu Dharr kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu, tuwalishe tunachokula, tuwavishe tunachovaa, wala tusiwabebeshe wasichokiweza. Chakula na malazi ni sehemu ya makubaliano kama mmekubaliana hivyo. Kama hamkukubaliana, kijana anahesabu miaka yake iliyopotea, nawe unahesabu sahani za wali ulizompa, na siku ya kuachana kila mmoja atamwona mwenzake dhalimu.

Hoja ya tano: "Bei ya soko ndiyo hiyo, kila mtu analipa hivyo, na Mtume (s.a.w.) alikataa kuwapangia watu bei."

Jibu: Hadithi hiyo ni ya kweli, lakini isome mpaka mwisho. Mtume (s.a.w.) aliombwa kupanga bei ilipopanda, akakataa kwa kuhofia kukutana na Allah hali kuna mtu anayemdai dhulma ya damu au mali. Sasa wewe unaitumia hadithi ya kuogopa dhulma ili kuhalalisha dhulma? Na Sheikhul Islam Ibn Taymiyya katika kitabu chake cha Hisba alieleza kwamba watu wanapodhulumiana, mtawala anaweza kuwalazimisha wafuate ujira wa mfano, yaani kiwango cha haki cha kazi kama ile. Na hapa kwetu Msumbiji sheria ipo. Sheria ya Kazi namba 13 ya mwaka 2023 ilianza kutumika Februari 2024, na serikali hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa kila sekta, biashara ikiwemo. Kisha kuna mchango wa INSS, asilimia 4 kutoka kwa mwajiri na asilimia 3 kutoka kwa mfanyakazi, ili mtu akiugua au akizeeka asiwe ombaomba. Kima cha sheria ni chini ya ngazi, si juu yake. Ukisema "kila mtu analipa hivyo", kumbuka kwamba kaburini hatulali kila mtu pamoja.

MSHAHARA PEKE YAKE HAUTOSHI

Nisieleweke vibaya nikadhaniwa nasema: ongeza fedha, kisha lala. Zeynep Ton, mwalimu wa chuo kikuu cha MIT, aliandika kitabu mwaka 2014 kuhusu maduka yanayolipa vizuri na bado yanauza kwa bei nafuu, likiwemo lile la Mercadona huko Hispania. Alichokiona ni kwamba maduka hayo hayaongezi mshahara tu. Yanawafundisha watu, yanaacha vitu visivyouzika, yanapanga kazi vizuri, na yanamruhusu muuzaji kuamua jambo dogo bila kumwita bosi.

Kwa lugha ya barazani kwetu: ukimwongezea kijana mshahara lakini humfundishi kuandika daftari, humwachii apunguze hata metikali 5 kwa mteja wa kila siku, na kila jioni unamtukana mbele ya watu, fedha yako utaipoteza. Ujira mzuri ni mbegu. Mafunzo na heshima ni mvua.

KWA NINI JAMBO HILI KWETU NI ZITO ZAIDI

Nataka nimalizie kwa jambo lililo moyoni mwangu.

Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, watu walikimbia kila upande: wengine baharini kuelekea Pemba, wengine porini kuelekea Nangade na Mueda, wengine Quitunda. Namjua mwenye duka mmoja, sitamtaja, aliyekimbia na nguo alizovaa. Alijua kila kitu kimekwisha. Baada ya wiki nyingi akaja kijana wake, miguu imevimba, amefika Pemba kwa njia ya porini. Akatoa kifuani daftari la madeni lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Akamwambia, "Ami, hili nilitoka nalo." Kwa daftari lile mzee yule alikusanya alichoweza kukusanya, na kwa fedha hiyo akaanza tena upya.

Nilimuuliza yule mzee alikuwa anamlipa kiasi gani. Akaniambia kiasi ambacho wenzake walikuwa wakimcheka kwacho. Naye ndiye aliyemwoza, na kila Ramadhani alimpa ruhusa ya kuondoka mapema akafuturu na mkewe. Mimi sisemi kwamba uaminifu ule ulinunuliwa kwa mshahara. Uaminifu haununuliwi, ni tawfiki ya Allah. Lakini mkulima hunyweshea, na Allah ndiye anayeotesha.

Wala sisemi kwamba mshahara mdogo ndio uliozaa vita vyetu. Mambo yake ni mengi, na damu ya watu wasio na hatia haina udhuru. Lakini sote tunajua kwamba wale watu wa porini walipokuwa wakiwavuta vijana wetu, miongoni mwa walivyowaonyesha ni fedha na mikopo ya kuanzia biashara ndogo. Nimefundisha chuo miaka mingi. Wako watoto niliowashika mikono kuandika alifu, na leo sijui walipo. Kijana aliyefanya kazi miaka mitatu dukani kwa Muislamu mwenzake akatoka bila kitu, na akadharauliwa kila siku, ukija kumwambia habari za uadilifu wa Kiislamu atakuuliza, "Nimeuona wapi?" Sipendi swali hilo liulizwe nami nikose jibu.

NASAHA

Ewe mwenye duka: mwezi huu kaa na kijana wako. Andikeni makubaliano kwenye karatasi, ujira kiasi gani, tarehe gani, saa ngapi za kazi, siku gani ya mapumziko, na shahidi mmoja au wawili. Lipa kima cha sheria. Kama una deni lake la nyuma, lianze kabla hujanunua mzigo mwingine. Kisha jaribu mwaka mmoja, uhesabu daftari lako, pamoja na yale ambayo zamani hukuwa ukiyaandika.

Ewe kijana, na wewe binti unayeuza vitambaa na kapulana: ujira mzuri una haki juu yako. Usichelewe, usiandike deni la uongo, usiwapunguzie rafiki zako mali isiyokuwa yako. Ukidhulumiwa dai haki yako kwa adabu na kwa njia ya sheria, usijilipe mwenyewe kwa siri.

Enyi wazazi: mnapompeleka mtoto kwa ami yake au kwa jirani "akasaidie dukani", ulizeni atalipwa nini. Kuuliza si utovu wa adabu. Yule mzee wa Madyan aliyataja malipo kabla ya kazi, na Nabii Musa akayakubali, wala hakuna aliyeona haya.

Na yule ndugu yangu aliyenicheka barazani, namwambia kwa mapenzi: umesema nikuachie biashara. Nimekuachia. Lakini kijana wa nne aliyekuondokea mwaka huu alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa na nguvu, na alikuwa mwaminifu. Ulichokosa dukani mwako si kijana mzuri. Ulikuwa naye, ukamwacha aende kwa kubana fedha ambayo duka lako lilikwisha kuipoteza mara tatu.

Tunamuomba Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) atie baraka katika maduka yetu, azirudishe nyumba zetu za Cabo Delgado katika amani, awahifadhi vijana wetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotimiza vipimo. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.